Mama Mkwe Juu ya Jiwe Jeupe

Ndaki wa Kalemela hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia "Mwangaluka" asubuhi atakuitikia vizuri, atakuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, halafu basi, amemaliza mpaka kesho. Wengine wakasema ana majivuno. Majivuno gani, jamani? Mtu ameamka na giza, amepiga kafi ziwani mpaka mabega yanawaka, wewe unamkuta saa nne ametulia zake unataka akupigie soga!

Kwa asiyeijua Kalemela, iko kando ya Ziwa Victoria, huko Busega. Siku hizi tunaitwa Mkoa wa Simiyu. Wakati wa mambo haya tulikuwa bado chini ya Magu, Mkoa wa Mwanza, lakini ziwa ni lile lile na mbu ni wale wale. Watu wake wanalima pamba na mpunga, wanafuga, na wanavua. Baba yake Ndaki, mzee Masunga, alikuwa na ng'ombe wa kutosha mpaka ugonjwa ulipoingia zizini ukawafagia. Kijana akakosa cha kuchunga, akaingia majini.

Na aliingia wakati wake. Ndiyo kwanza enzi za ruksa ya biashara zilikuwa zimekolea. Pamba, ambayo tangu zamani ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, sasa ilikuwa na wanunuzi binafsi wanaopita kijiji hadi kijiji na mizani zao. Mwanza vilijengwa viwanda vya minofu ya sangara, na malori yenye barafu yakaanza kufika mpaka huku kwetu. Zamani sangara akichelewa unambanika, mambo yanaisha. Sasa alitakiwa afike kwenye barafu macho yake yangali yanang'aa, la sivyo mnunuzi anambonyeza kwa kidole, anamrudisha. Kambi za wavuvi zilikuwa mbali, injini za mashua walikuwa nazo wenye uwezo tu, na lori halimsubiri mtu. Hapo ndipo Ndaki alipopata kazi yake: kusomba sangara kwa mtumbwi kutoka kambini hadi kwenye lori, akipiga kafi peke yake. Samaki wa Ndaki hawakurudishwa hata siku moja.

Aliyeliona jambo hilo ni Kasmiri, wakala wa samaki aliyekuwa anakuja na lori. Kasmiri huyu hakuzaliwa wakala wa samaki. Alikuwa ofisa michezo Mwanza, amesomea Bulgaria enzi zile vijana wakipelekwa kwa ndugu zetu wajamaa. Huko alijifunza michezo ya maji, akarudi na vyeti na suti moja nene isiyovalika Mwanza. Serikali ilipopunguza watumishi, naye akapunguzwa. Alitoka ofisini na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaka: mtumbwi wa mashindano, msaada kutoka nje, uliokuwa umelala stoo miaka mingi na popo juu yake.

Siku moja Kasmiri aliuleta Kalemela juu ya lori la barafu. Watu walicheka, wee! Kitu chenyewe chembamba, mtu mnene hatoshi. Kina kiti chenye vigurudumu kinachoteleza mbele na nyuma, na makasia mawili marefu, moja kila upande. Lakini kilichowamaliza watu mbavu ni jinsi ya kukaa. Mpiga makasia anakaa ameupa mgongo upande anaokwenda. Mtumbwi unakwenda huku, yeye anatazama kule.

"Kasmiri," Ndaki alisema, na hiyo kwake ilikuwa hotuba, "nitajuaje ninakokwenda?"

"Hujui," Kasmiri akamjibu. "Unatazama ulikotoka. Chagua kitu kimoja ufukweni, kitu kisichohama, ukikazie macho. Kikiendelea kukaa juu ya mkia wa mtumbwi, unakwenda sawa. Kikisogea, umepinda."

Ndaki akachagua jiwe. Pale Kalemela mawe hatuna shida nayo, lakini lile lilikuwa moja kubwa, limesimama peke yake nyuma kidogo ya pale mtumbwi ulipoanzia, jeupe juu kwa kinyesi cha ndege, wale minandi. Hapo mwanzo alipinduka kila siku. Alipoacha kupinduka alikwenda upogo. Kisha taratibu, baada ya msimu mzima wa kupiga makasia asubuhi kabla ya kazi, mwili ukakubali. Miguu ikajua kusukuma, mgongo ukajua kufuata, na macho yakatua juu ya jiwe jeupe, hayana haraka. Akaupenda mchezo ule. Mkewe Felisita alimsikia akipiga mluzi akirudi nyumbani, mtu ambaye hajawahi kupiga mluzi, akajua kuna kitu.

Kasmiri naye hakulala. Aliandika barua Dar es Salaam, kwenye chama chao cha michezo ya maji, akapiga simu kwa gharama zake, akaandika tena. Mwishowe jibu likaja. Olimpiki itafanyika Marekani, nchi zisizo na wachezaji wa makasia zitapewa nafasi chache za mwaliko, na chama kitamtuma Bwana Joakim kuja kumpima huyo mtu wa Kalemela. Apige makasia kilomita mbili, chini ya dakika tisa. Akiweza, jina lake linakwenda. Akishindwa, Bwana Joakim anarudi na ndege ya jioni na habari imeishia hapo.

Ndaki aliitaka nafasi ile. Nasema aliitaka! Alishindwa kula. Alimwambia Felisita usiku mmoja, taa imeshazimwa, "Nikikosa hii, nitabaki kubeba sangara wa watu mpaka nizeeke." Felisita akamwambia atapata. Atasema nini tena mke wa mtu?

Sasa, kabla hatujafika siku yenyewe, lazima nieleze jambo la ukwe, maana wasomaji wengine mmezaliwa mjini, mnakula meza moja na mama mkwe mnapitishiana chumvi. Kwa Wasukuma wa mila, hasa kule Bariadi kwa wafugaji, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, yeye mwanamume anaacha njia, anaingia porini, anageuka mpaka mama apite. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, na kadiri unavyompenda mkwe ndivyo unavyomkwepa kwa nguvu zaidi. Felisita alikuwa binti wa Sapiwi, huko huko Bariadi, na mama yake, Nyanjige, alikuwa mkulima wa pamba, mjane, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Ndaki alikuwa amemwoa bintiye miaka mingi, na katika miaka yote hiyo alimjua mama mkwe wake kwa kikohozi, kwa sauti na kwa khanga ikipotelea mlangoni. Uso hakuujua.

Habari za mtu wa Kalemela anayetaka kwenda Marekani kwa kasia zilifika mpaka Sapiwi. Nyanjige akazisikia, na moyo ukamwenda mbio. Mkwe wangu huyo! Akataka kumwona akifanya hiyo kazi, mara moja tu. Lakini atamwonaje bila kumvunjia heshima? Akakaa akafikiri, na alilofikiri lilikuwa la busara kabisa. Mtu akipiga kafi anatazama mbele. Basi mimi nitakaa nyuma, pale anapoondokea. Yeye atanipa mgongo mwanzo hadi mwisho, mimi nitamwona, yeye hataniona, mila imekaa salama. Alfajiri ya siku ile akapanda lori la mnunuzi wa pamba lililokuwa linashuka Lamadi, akatembea kutoka hapo, na akafika Kalemela bila kumwambia mtu. Felisita mwenyewe alikuwa kule mwisho wa njia ya makasia, kilomita mbili mbali, hana habari.

Nyanjige akatazama huku na huku akaona mahali pazuri pa kukaa, juu, panapoonekana vizuri. Akapanda juu ya jiwe jeupe, akafukuza minandi, akatandika khanga, akakaa.

Ziwa lilikuwa limetulia. Bwana Joakim alikuwa katika mashua ya injini na saa yake mkononi, Kasmiri kando yake. Filimbi ikalia. Ndaki akavuta kasia la kwanza, la pili, la tatu, akainua macho kutafuta jiwe lake.

Na juu ya jiwe kuna mwanamke, amemkabili uso kwa uso.

Hakumtambua mara moja. Khanga ndiyo iliyomwambia. Alikuwa ameinunua mwenyewe Mwanza, ya rangi ya chungwa, akampa Felisita aipeleke kwa mama. Akainamisha kichwa akatazama magoti yake. Mtumbwi ukaanza kupinda. Akainua macho kuutafuta ukingo wa jiwe, angalau ukingo tu, akakutana na uso wa mama mkwe wake, mdomo wazi, naye ndiyo kwanza ameelewa kwamba huyu mtu anakwenda kinyumenyume. Nyanjige akajifunika uso kwa viganja. Ndaki akageuza kichwa chote pembeni, kama vile angeacha njia aingie porini. Na porini akaingia kweli, maana mtumbwi uliacha njia ukachomeka kwenye matete, kasia la kushoto likanasa nyavu za mtu, na Ndaki wa Kalemela, ambaye samaki wake hawarudishwi, akapinduka mbele ya kijiji kizima.

Kicheko kile! Watoto walijigaragaza mchangani.

Bwana Joakim alimfikisha nchi kavu kwa mashua, akamtazama anavyochuruzika maji. "Umepatwa na nini, bwana? Umeogopa?"

Ndaki alijua jibu. Maneno mawili tu yangetosha: mama mkwe. Lakini akiyasema, jina la mama mkwe litaingia vinywani mwa watu, itakuwa Nyanjige wa Sapiwi ndiye aliyemwangusha mkwewe, na wimbo utatungwa, nawajua watu wetu. Akasema, "Nimeteleza tu."

"Kiwewe," Bwana Joakim akamwambia Kasmiri, wala hakushusha sauti. "Mbele ya watu mia mbili anapata kiwewe, mbele ya dunia itakuwaje? Pole sana. Mimi nakwenda kuwahi ndege."

Kasmiri akamshika mkono, akambembeleza, akamkumbusha barua zote. Ndaki alikaa chini, kando ya mtumbwi uliopinduliwa kumwaga maji, akatazama mchanga. Alijisikia vibaya mno, na hakumlaumu mtu.

Yaliyofuata hakuyaona. Aliyapata baadaye kwa Felisita, ambaye alikuwa amekuja mbio kutoka kule mwisho akamkuta mama yake anashuka jiweni. Felisita akaelewa yote kwa kuona anakotoka. "Mama! Yule anakaa kinyumenyume!"

"Sasa najua," Nyanjige akasema. "Nipeleke kwa huyo mwenye saa."

Wakazunguka nyuma ya mawe wasipite karibu na Ndaki. Nyanjige akapiga magoti mbele ya Bwana Joakim, akasalimia kama anavyosalimia wakubwa, akaanza kusema Kisukuma, Felisita akitafsiri. "Mtu huyu hakuogopa maji. Alimheshimu mama mkwe wake. Mimi ndiye niliyekaa katika njia yake. Kama kuna adhabu, nipeni mimi, yeye mrudishieni safari yake."

Bwana Joakim alikuwa Mzaramo, mtani wetu, na mtani haachi kitu kipite hivi hivi. "Ninyi Wasukuma! Mkwe wenu ni simba?"

Felisita alipotafsiri, Nyanjige akajibu palepale. "Simba anaua. Mkwe unamkimbia kwa sababu unampenda. Wazaramo hamjui kukimbia vitu mnavyovipenda, ndiyo maana mko wembamba hivyo."

Sijui wembamba uliingiaje hapo, lakini Bwana Joakim alicheka mpaka akavua miwani. Akatazama saa, akatazama ziwa. Upepo ulikuwa haujaanza. "Mara moja," akasema. "Moja tu. Na huyu mama aondoke pale juu."

Kasmiri akaunga mkono, maana naye ndivyo alivyokuwa anafikiri: huyu mama akapumzike majumbani kwa watu, Ndaki apate jiwe lake. Nyanjige akatikisa kichwa. "Mkiniondoa, atajua niko wapi? Hatajua. Atapiga kasia huku anafikiri, yuko mwisho kule? Yuko katika mashua ile? Nitamtokea wapi? Mkwe usiyejua aliko ndiye anayekutia wasiwasi. Akijua niko wapi, atatulia." Akamuuliza Kasmiri, "Anatazama nini huyo mtu akiwa majini?"

"Jiwe lile ulilokalia, mama."

"Basi nitarudi pale pale. Mwambieni nitampa mgongo."

Kasmiri akamletea Ndaki maneno hayo. Ndaki akasikiliza, akaomba arudie. Kisha akasimama, akaubeba mtumbwi kichwani mwenyewe hadi majini, hakusubiri msaada.

Alipokaa kitini na kuinua macho, mama mkwe wake alikuwa juu ya jiwe, ameligeuzia ziwa mgongo, ameukabili mlima. Khanga ya rangi ya chungwa ilikuwa imekaza mabegani. Alikuwa ametoka Sapiwi alfajiri kwa ajili ya kumwona, na sasa alikuwa anatazama mawe na vichaka. Ndaki akasema kimya kimya, mayu, mama yangu, nisamehe. Filimbi ikalia.

Akauweka mgongo ule juu ya mkia wa mtumbwi, na haukuondoka hapo. Alivuta, akavuta. Jiwe likapungua, weupe wake ukachanganyika na weupe wa mawe mengine, na kwa siku nyingine hapo ndipo angeanza kubahatisha. Lakini khanga haikuchanganyika na kitu. Ikawa kama jani, ikawa kama punje, na bado aliiona, na haikutikisika. Mapafu yalipoanza kumuuma alijua kwamba yule pale hawezi kugeuka kutazama, na kama hawezi kugeuka, mimi nawezaje kuacha? Watu wakakimbia ufukweni wakipiga kelele kumfuata. Alipopita mwisho hakujua kama amepita. Aliendelea mpaka Kasmiri alipomrukia majini na nguo zake zote, analia, ananyoosha vidole vinane.

Dakika nane na nusu na ushei kidogo. Jina lilikwenda.

Kelele zilikuwa kubwa huko mwisho, watu wote wako huko, na nyuma huku hakukubaki mtu. Nyanjige alikaa juu ya jiwe peke yake ameutazama mlima, asijue kelele zile ni za furaha au za kucheka tena. Hakugeuka. Felisita alimkuta bado amekaa hivyo hivyo, mgongo umekakamaa, machozi yanamtiririka, akamwambia, "Mama, amepata. Geuka sasa." Akasema, "Bado yuko majini?" Felisita akasema ndiyo. "Basi bado."

Ndaki alikwenda Marekani. Alipanda ndege, akavaa suti ya nchi, akapita uwanjani nyuma ya bendera pamoja na wakimbiaji na mabondia. Kuhusu mashindano yenyewe sina la kupamba. Katika kundi lake alimaliza wa mwisho, wenzake wamekwisha kunywa maji. Watu wa kule walimpigia makofi, alisema, na makofi yale hayakumfurahisha sana, kwa sababu alijua ni ya kumwonea huruma. Akarudi Kalemela, akashika kafi lake, akaendelea kuwahisha sangara kwenye lori. Baadaye alinunua injini, akazeeka vizuri, akawafundisha wanawe makasia. Hao nao hawakwenda popote, ila kuvua.

Lakini kabla ya hayo yote, wiki ile ile aliyorudi, alikwenda Sapiwi kuaga safari iliyokwisha, maana alikuwa ameondoka bila kuaga. Walimwekea kigoda nje, nyuma ya ukuta wa nyumba. Nyanjige alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta huo huo. Felisita alikaa mlangoni kupeleka maneno, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake wazi kabisa. Ndivyo inavyofanywa.

"Felisita," Nyanjige akasema ndani, "muulize mgeni, huko alikokwenda alikuwa wa ngapi?"

"Mwambie mayu, nilikuwa wa mwisho."

Kuku walisikika wakichakura.

"Muulize ni kwa nini."

"Mwambie wenzangu walikuwa na nguvu kunishinda. Sina sababu nyingine."

"Muulize, akiwa majini kule, alikuwa anamtazama nani?"

Ndaki akafikiri. Hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza, si Kasmiri, si watu wa redio. "Mwambie hakuna mtu. Walikuwa wametupangia maboya."

Felisita akafungua mdomo kulipeleka jibu, lakini hakuwahi. Sauti ilitoka ndani, ndogo, haikupita kwake, haikupita kwa mtu yeyote.

"Pole, mwanangu."

Ndaki hakujua mila inasema nini hapo. Alivua kofia kule nje, akaishika kwa mikono miwili, akaushukuru ukuta, "Wabeja, mayu."